Betri Chini ya Kiti cha Dwayne

Arborg, Manitoba
29 Agosti 2019

Mpendwa Shangazi Lorna,

Tangu Jumamosi kuna sauti moja haijanitoka masikioni: tak, tak, tak ya pikapu isiyotaka kuwaka. Nitafika huko. Kwanza, hujambo? Goti limepona, au bado unapanda ngazi kwa kunung'unika? Sisi huku ni wazima. Baba yuko shambani na ngano yake. Mama amepika ile keki ya plamu ya tabaka saba, na kipande chako kipo kwenye friza kikikungoja.

Katika barua iliyopita nilikuambia nimemchoka Dwayne. Miaka mitatu ya uchumba, na kila tukitoka sinema mimi nina maneno ya kujaza gunia, yeye husema tu, "Nzuri." Nilishamwandikia barua ya kumuaga. Ilikuwa mkobani mwangu Jumamosi hiyo, tulipokwenda kwenye uwanja wa sinema ya magari, ule wa kutazama filamu ukiwa garini.

Unajua ninavyopenda filamu za bunilizi ya kisayansi. Wengine huona roketi tu. Mimi naona humo upendo ukipimwa: wapendanao hutenganishwa mbali kuliko barua iwezavyo kufika, ili tuone kitakachobaki.

Safari hii kilikuwa chombo kilichopotea angani. Mashine iliyokiongoza ilikuwa ikizima viungo vyake yenyewe, kimoja kimoja, ili joto liwatoshe abiria waliolala. Haikumwambia mtu. Nililia hadi bisi zikalowa. Dwayne akaendelea kutafuna zake.

Filamu ilipokwisha magari yakaanza kuondoka. Letu, tak, tak, tak. Sauti ya filamu pale huja kwa redio ya gari, nami huwa sikubali izimwe mpaka jina la mwisho lipite na muziki uishe. Betri ilikuwa imekufa.

"Wewe mwanaanga, umeiua tena!" Jirani yetu Bibi Olafson akapaza sauti kutoka gari la pili. "Leo utasukuma mwenyewe!"

"Hasukumi mtu, mama," Dwayne akamjibu. Akainua kiti, akatoa betri nyingine iliyofungwa blanketi.

"Hiyo umeitoa wapi?" nikamwuliza.

"Ipo hapo tangu ile nyingine ilipokufa mara ya kwanza, mwaka juzi. Naichaji kabla hatujatoka."

"Si ungeniambia tu nizime redio?"

"Ungeizima," akasema, akipapasa kutafuta spana. "Na ule muziki unaupenda."

Fikiria, Shangazi. Miaka miwili! Nami nikimlaumu kwa ububu. Ile filamu niliielewa pale, nimeinama chini ya boneti, nikimshikia tochi.

Sijapofuka. Ataendelea kusema "Nzuri", na nitaendelea kuudhika. Lakini sasa najua mahali pa kutazama.

Nisalimie mumeo Gordon, na binti yenu Kirsten umwambie kitabu chake bado ninacho, sijakipoteza. Mungu akutunze, akurudishie goti la usichana, maana utalihitaji kucheza.

Ile barua niliitia motoni Jumapili asubuhi, kisha nikaenda kwao. Nilimkuta uani akichaji betri, nikamwomba anioe, Oktoba, mavuno yakishaingia ghalani. Alifuta mikono kwanza, kidole kwa kidole. Halafu akasema, "Nzuri."

Mtoto wa kaka yako, akupendaye,
Signy