Mpini Mrefu

Makote, Newala
20 Februari 1955

Kwa Mama yangu mpenzi, Mama Walter,
Chiungutwa, Masasi.

Shikamoo Mama. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, na kama mgongo unakusumbua kwa mvua hizi, basi ikukute karibu na moto. Sisi huku hatujambo. Dastani anakuamkia, mihogo imesimama vizuri, na mahindi yameanza kutoa mbelewele. Kaka Walter, najua wewe ndiye unayemsomea Mama, shikamoo nawe. Nakuomba kwa heshima usome yote kama nilivyoandika, usiruke wala usilainishe maneno kama ulivyozoea.

Mama, salamu zako nilizipata kwa yule mama wa kanisani aliyekuja na lori la Masasi. Umeniagiza nitupe mpini mrefu wa jembe langu, nimpigie magoti mama mkwe, nisikuaibishe. Nimesikia. Jibu langu ni hapana, na kwa kuwa hapana ya mtoto kwa mzazi si neno la kupitisha kinywani mwa mtu mwingine, nimekaa niandike mwenyewe.

Nianze mwanzo, maana habari iliyokufikia huko imefika imevimba. Mwaka wangu wa kwanza hapa nililima vile ulivyonilea. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa siku ya pili ile ile, na mpini wake mfupi kama mwiko. Desturi ya ujima wa huku, tunapolimiana mashamba kwa zamu, ni kwamba mke aliyeolewa hushika mstari ubavuni mwa mama mkwe, na hainui mgongo mpaka mama mkwe ainue wake. Na Mama Dastani ni mwanamke wa sifa! Huinama tangu umande mpaka jua la utosi, na akiinuka kitu cha kwanza ni kutazama nani amemtangulia kuinuka. Jioni tunateremka bondeni kwa maji, kwa kuwa mabomba ya serikali tunayasikia tu, kwetu hayajafika. Debe zima, unalinyanyua kwa kukunja kiuno, unajitwika, unaupanda nalo mlima. Ukifika nyumbani unatwanga umeinama. Kiuno kikaanza kuuma, Mama. Kiliuma pale pale panapokuuma wewe, hata ikawa asubuhi Dastani hunivuta mikono ndipo niketi kitandani.

Mama mkwe alinihurumia, nisimsingizie. Alinifunga kiuno kwa kitambaa, akanichemshia majani. Maumivu yalipozidi akasema hii si bure, kuna mkono wa mtu, akataka kuleta mganga. Tayari majirani walikuwa wananong'ona jina la Zena, mjane asiye na wa kumsemea, ambaye kosa lake ni kuja kwangu asubuhi moja kuomba kaa la moto. Hapo nikakasirika. Nilimwambia mama mkwe kwamba mganga akiingia kwa mlango wa mbele, mimi nitatokea wa nyuma na sitarudi.

Nikaanza kujitazama ninavyofanya kazi. Niligundua kwamba nikitembea siumwi sana. Naumwa nikiinama muda mrefu na nikinyanyua kitu kizito. Dastani ni seremala, nikamwomba anichongee mpini unaonifika kifuani. Sasa nalima nimesimama, nasogeza miguu kufuata jembe badala ya kujinyoosha kulifuata, na nikichoka upande mmoja nabadili mikono. Maji nachota nusu debe, nateremka tena kuchukua nusu nyingine. Wakati wa kunyanyua nachuchumaa, nalivuta debe karibu na kifua, ninainuka kwa nguvu za miguu na kiuno nakiacha kipumzike. Kinu nimekipandisha juu ya kipande cha gogo ili nitwange bila kukunjika. Msimu wa korosho niliokota nimepiga goti, kisha nikachambua nimekaa kwenye kigoda, na kila mara naamka, najinyoosha, nazunguka nyumba kidogo ndipo nikae tena. Hata kitanda kilichokuwa kimebonyea kama kapu tulikaza kamba zake. Sikunywa dawa nyingine yoyote, Mama. Maumivu yalipungua polepole, na kabla korosho hazijaisha nilikuwa naamka peke yangu.

Wanawake wa kisimani walinicheka mpaka wakaniimba. Nusu debe yangu waliiita maji ya kunawa ya mke wa Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya. Niliitikia wimbo wao na kucheza kidogo. Kicheko hakinivunji mgongo.

Lililoharibu ni siku ya ujima wa kupalilia. Nilikwenda na mpini wangu, nikashika mstari ubavuni mwa mama mkwe, nikapalilia nimesimama wima na watu wote wanaona. Mama mkwe aliweka jembe chini, akaenda zake nyumbani. Tangu siku hiyo hali chakula changu. Akamwita Mzee Bwanali, mjomba wake Dastani, aamue. Mzee alikagua shamba langu akakuta halina magugu, akakiri hivyo mbele ya watu. Lakini akasema heshima ya mama mkwe imekanyagwa: ama niombe radhi na kurudia mpini mfupi, ama nirudishwe kwetu. Dastani alisimama akasema mpini kauchonga yeye, kama ni kosa lianze kwake. Mimi nilisema nitaomba radhi kwa maneno yangu ya mganga na mlango, maana yale yalikuwa makali, na papo hapo niliomba. Kwa mgongo wangu kunyooka sitaomba. Mzee Bwanali akatikisa kichwa, akasema lisikilizwe neno la kwetu. Mjomba wetu ametangulia mbele ya haki, kwa hiyo neno wanalolisubiri ni lako, Mama. Utakalosema wewe ndilo litakalokata shauri.

Sasa kaka Walter, hapa usishushe sauti.

Mama, wewe hukurogwa. Uliinama shambani miaka yote bila mtu wa kukwambia inuka, ukapanda na mitungi mizito kuliko madebe yangu, na kila ulipoumwa ulijifunga kitambaa ukaendelea, kwa sababu ulitaka usifiwe, nasi tulitaka kula. Siku ya harusi yangu hukuweza kuinua uso unitazame. Uliniaga ukiangalia miguu yangu. Nililia njia nzima, na watu wakadhani nalilia kwetu. Lakini mganga alikwambia ni mdogo wako, Mama mdogo Ethel, ndiye aliyekula kiuno chako. Nanyi mkamfukuza, na mkeka wake ukatupwa njiani. Kilichokuuma wewe ndicho kilichoniuma mimi, na mimi Ethel hakuwa karibu yangu.

Sasa yuko karibu. Mama mdogo Ethel anaishi hapa, nyumbani kwangu, tangu mwisho wa korosho. Nilimkuta Newala mjini akifagia kanisa, nikamchukua siku ile ile, na Dastani hakuniuliza neno. Kinu kile cha juu ya gogo tunatwanga wawili. Hajawahi kukutaja kwa ubaya. Kila jioni huniuliza kama siku hizi unapata usingizi.

Basi angalia, Mama. Ukimwambia Mzee Bwanali kwamba mwanao amekosa, kwamba mgongo huvunjwa na wachawi na si kazi, utakuwa umemfukuza Ethel mara ya pili. Ukisema sikukosa, itabidi umwite mdogo wako. Huwezi kushika yote mawili. Mimi sitabadilika kwa lolote. Wakinirudisha, nitakuja Chiungutwa na mpini wangu begani na Mama mdogo nyuma yangu, nawe utatufungulia mlango au utatuacha uani, watu watazame.

Nisalimie wote wa nyumbani na jamaa wa kanisani, na wifi yangu, mke wa Walter, mwambie kigoda chake Dastani anakichonga. Usinyanyue kitu kizito, nakuomba. Mama mdogo Ethel amekaa hapa kando yangu ninapoandika, amenikataza nisiandike hili, nami naandika. Anasema, shikamoo dada. Anangoja umwitikie.

Ni mimi mwanao,
Josephina