Zamu ya Babu

Mwanza, 9 Novemba 2025

Mama,

Shikamoo. Hamjambo huko Sengerema? Masikio yanaendeleaje? Mimi mzima, ila ratiba ya chuo itanitoa roho. Asubuhi vipindi, mchana vipindi, jioni kwaya ya lazima. Chumba cha mazoezi ni kimoja na wanafunzi wa muziki tumejaa kama dagaa, kwa hiyo tunapeana zamu. Yangu imeangukia Jumanne na Alhamisi saa nne asubuhi, saa ileile ya somo la nadharia, na asiyehudhuria nadharia hafanyi mtihani. Hosteli nako hawataki kelele. Sasa nifanye mazoezi saa ngapi, mama? Mtihani wa kupiga ni Februari, na nikifeli ninaondolewa.

Halafu, naomba usikasirike. Zeze la babu ninalo mimi. Siku naondoka nililitoa ukutani nikalifunga kwenye khanga. Najua matanga ya babu hayajamalizwa tangu tumzike Septemba, lakini zeze la chuo limepasuka, nisingeweza kusubiri mpaka ndugu wote wafike.

Barua hii anakuletea Evelina akishamaliza kuuza nyanya zake na kuvuka ziwa kwa kivuko cha Kamanga, maana wewe na simu hamsikilizani.

Binti yako,
Justa

Sengerema, 14 Novemba 2025

Justa mwanangu,

Marahaba. Sisi tupo, mbuzi wapo, masikio ndiyo yamekufa kabisa. Juzi jirani yetu Machibya alipiga hodi mpaka akachoka, akaingia mwenyewe, mimi nikapiga yowe kama nimeona mwizi.

Ama kuhusu zeze, nimekasirika sana. Kichwa kigumu hicho umekirithi kwa nani? Hukusikia tukisema? Kwenye ukoo wetu zeze la marehemu linalegezwa nyuzi siku ya kumaliza matanga, dada yake analilegeza, ndipo anamkabidhi mrithi. Nyuzi zikiwa bado zimekazwa, marehemu anajua bado yuko kazini. Na babu yako unamfahamu, hakukosa mazoezi hata siku ya homa. Usilipige. Mpe Evelina alirudishe.

Mama yako

Mwanza, 6 Desemba 2025

Mama,

Shikamoo. Habari za mvua? Nisamehe, zeze bado ninalo. Kuna jambo limetokea.

Huwa naliacha kwenye chumba cha mazoezi kunishikia zamu, mtu asininyang'anye, kisha naenda kwenye nadharia. Alhamisi ya wiki iliyopita natoka darasani, Masalu tunayesoma naye akanishika mkono. "Dada, leo umepiga mpaka nimelia." Nikadhani utani wake. Jumanne hii mwalimu wetu Chenge alisimama nje ya mlango ule akasikiliza, hakutaka kunikatiza, baadaye akanisifu mbele ya wote kwamba mkono wa upinde sasa umekomaa. Mama, saa hiyo nilikuwa darasani! Nikasema, ahsante mwalimu. Ningesema nini?

Naogopa, lakini sikufichi, nimefurahi pia. Jana nilipolishika vidole vilikwenda vyenyewe, nikapiga wimbo ambao sikuwahi kufundishwa. Ratiba imeanza kutosha.

Binti yako,
Justa

Sengerema, 10 Desemba 2025

We Justa!

Salamu baadaye. Ulisema ahsante? Yarabi! Ukipokea sifa za kazi ya marehemu, umemwajiri, na aliyeajiriwa lazima alipwe. Babu yako hatataka pesa wala kuku. Marehemu hana upungufu wa kitu chochote isipokuwa muda.

Na sikia hili. Jumanne saa nne nilikuwa napepeta mchele uani. Mimi huyu nisiyesikia hodi nikasikia zeze chumbani kwa baba, wazi kabisa, na akikohoa katikati kama kawaida yake. Nikakaa chini pale pale nikalia, maana nilimkumbuka mno. Sikuthubutu kuingia.

Acha kulipiga, mwanangu. Lilete. Kufeli mtihani siyo kufa.

Mama yako

Mwanza, 11 Januari 2026

Mama,

Shikamoo. Naandika haraka, nimepata upenyo mdogo tu.

Mwanzoni babu alichukua zamu yangu basi. Sasa naingia kwenye nadharia, nikizinduka niko kwenye foleni ya chakula. Kwaya sikumbuki. Jumapili ya kanisani sikumbuki. Wenzangu wananiambia siku hizi nakohoa, nakaa sana kivulini, nawaita wao wajukuu. Wanacheka, wanadhani ni vituko vyangu. Krismasi nilikusudia kuja nyumbani, nikashtukia imeshapita.

Juzi nilijaribu kulegeza nyuzi mwenyewe. Mkono wa kulia ulilegeza, wa kushoto ukazikaza tena, nami nautazama. Sitaki tena mtihani, mama. Nataka siku zangu. Njoo unichukue, tafad

Sengerema, 13 Januari 2026

Justa mwanangu,

Marahaba, marahaba mama yangu. Jikaze. Nimemwita bibi yako wa Geita, dada yake babu, yeye ndiye mwenye haki ya kuzilegeza. Atafika Ijumaa, Jumamosi tunavuka na kivuko cha kwanza. Usiende popote.

Na kama anayesoma ni wewe baba, shikamoo. Sijakusahau hata siku moja, na zeze lako sina ugomvi nalo. Lakini huyu ndiye mtoto niliye naye, sina mwingine. Wewe siku zako ulizipata, ukazitumia vizuri, watu wa Sengerema yote wakacheza. Zake ndiyo kwanza zinaanza. Mwachie, baba. Nimepiga magoti huku naandika.

Selina wako

Mwanza, 15 Januari 2026

Selina mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Kifua kinasumbua kidogo kwa baridi ya ziwa, lakini kijana huyu ana mwili mzuri, utavumilia.

Nimefurahi umeandika. Jumamosi msije, nitakuwa na mazoezi kutwa nzima. Mwalimu wao anasema mtihani nitapita bila shida. Msalimie sana dada yangu, mwambie asijisumbue na nyuzi, nimezikaza vizuri.

Kuhusu Justa, usilie. Nilimsikia akilalamika kwamba hapati nafasi, masikini, anakimbizana na vipindi. Nikaipanga upya ratiba yote, imekaa sawa. Evelina alipokuja kuchukua barua hii aliniita kwa jina lake, nikaitika, sikutaka kumtisha mama wa watu.

Yeye naye nimemtengea zamu. Jumapili, baada ya chakula cha mchana, nusu saa. Ukija wakati huo utamkuta, ila usichelewe.

Baba yako