Jeli Imeganda, na Ziwa Bado Limefungwa

Jumatano, Bangwe. Upepo umevuma tangu asubuhi, vumbi limeingia hadi kwenye chai, lakini leo sinuni. Leo hata vumbi nalipenda.

Shajara yangu, jeli imeganda!

Wiki nzima nilikuwa sisemeki. Kazi yangu ya shahada ni ubongo wa kuhe, yule samaki mkubwa wa ziwa letu. Unauloweka kwenye dawa ya maji, unaupasha joto kidogo, na ile dawa inatakiwa kuganda iwe jeli ndani na nje ya ubongo. Ikishika, unaosha mafuta yote, ubongo unabaki angavu na mishipa ya fahamu inaonekana. Isiposhika, unaosha kila kitu. Nimeshapoteza bongo mbili hivyo, zote zimekuwa uji.

Ukabaki mmoja. Na ziwa limefungwa ili samaki wazaliane, havui mtu hadi lifunguliwe. Dokta, msimamizi wangu, akaniambia kwa upole nianze kufikiria mada nyingine. Upole wake uliniuma kuliko kama angenifokea.

Nililaumu umeme unaokatika, kwamba umeharibu dawa kwenye friji, nikaibadilisha. Nikalaumu joto, nikapima, liko sawa. Nikakaribia kumlaumu Mungu.

Jumapili nilikwenda Ujiji kwa mama, ambaye anauza mawese. Sijamaliza hata kunywa maji, nimeshakalishwa kujaza chupa. Amri yake ni ileile tangu nikiwa mdogo: "Usijaze hadi mdomoni, we mtoto! Jua likiwaka yatatafuta pa kutokea." Mkono wangu umeshazoea, ukifika shingoni mwa chupa unasimama wenyewe.

Ukasimama. Na mimi nikaduwaa.

Ndivyo ninavyojaza mirija ya maabara! Naacha nafasi, nafasi ina hewa, na oksijeni ndiyo inayoizuia jeli isishike. Nimelisoma hilo mara ngapi? Natoa hewa yote iliyomo kwenye dawa kwa uangalifu mkubwa, kisha naifungia hewa nyingine juu yake, kama naandaa mzigo wa sokoni.

Jumatatu nikajaribu dawa tupu, bila ubongo, nikaujaza mrija pomoni. Ikaganda. Jana nikauingiza ubongo wa mwisho, nikajaza hadi dawa ikamwagika, nikafunga.

Leo nimeuinamisha mrija huku nimefumba jicho moja. Hakuna kilichotikisika. Nililia, jamani, mbele ya Dokta, naye akajifanya anatafuta miwani wakati ameivaa.

Nikampigia mama. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo miaka yote hiyo nimekufundisha vibaya?"

"Hapana, mama. Kosa ni langu, nimepeleka mawese maabara."

Akaguna. Akasema Jumapili niwahi, chupa ni nyingi.

Nitawahi. Na nitaacha nafasi.