Kila Mtu na Nakala Yake

Jumatatu, 3 Machi
Binti mpya ametufundisha leo, timu nzima. Ati kuweka msimbo wote wa programu zetu kwenye seva moja ni mambo ya kizamani. Seva hiyo naitunza mimi! Miaka tisa, anayetaka kugusa faili huja kwangu kwanza nimfungulie. Ndiyo maana wananiita Mama Funguo. Yeye anataka kila mtu awe na nakala nzima kwenye laptopu yake, na historia yote tangu siku ya kwanza, kazi ziunganishwe baadaye. Nikamwambia manahodha wengi chombo huenda mrama. Akajibu kwa upole: dada, hapa kila nahodha ana chombo chake. Wakacheka. Bosi ndiye aliyecheka zaidi.

Jumatano, 5 Machi
Bosi kapita mezani kwangu bila hata habari za asubuhi, moja kwa moja kwa binti. Wamekaa saa nzima. Namwonea wivu. Basi, nimeandika.

Ijumaa, 7 Machi
Nimefanya utoto. Faili la usajili alilokuwa akilihitaji nimelifunga kwa jina langu, nikadai nalifanyia kazi. Sikuligusa. Hakulalamika. Jioni, kumbe ameshamaliza! Alishavuta nakala ya kila kitu tangu wiki iliyopita, na kila jioni huongeza mapya — kufuli langu limebaki linalinda hewa. Mume wangu kaniuliza nani ninayemsonya jikoni.

Jumanne, 11 Machi
Seva imekufa. Diski. Na nakala za akiba? Nilikuwa naziweka kwenye diski hiyo hiyo. Miaka tisa nakagua makosa ya wenzangu, hili langu sikuliona. Bosi anataka taarifa saa nane. Nikisema kweli, sijui kama kesho nina meza hapa.

Wenzetu walipotoka kula, binti kaja akachutama kando ya kiti changu. Kasema taratibu, "Dada, historia yote ninayo, mpaka mstari wako wa kwanza. Irudishe kwenye seva mpya, useme umeitoa kwenye akiba. Mimi sijui kitu."

Heri angenicheka. Ningejua pa kumweka. Sasa hata kwa wema kanizidi.

Nimeirudisha. Haikupungua kitu. Jina langu limo humo mara elfu nne na ushei, na lake limeanza juzi tu.

Saa nane na robo. Bosi ameshawaandikia wote: kazi yote imerudi kutoka kwenye akiba, hongera Mama Funguo, utu uzima dawa. Watu wananipigia makofi kutoka mezani kwao. Nimeandika "Asante bosi, ila" — dakika kumi sasa nimekwama hapo. Jina la binti nimeliandika, nimelifuta, nimeliandika tena.

Yeye yuko meza ya pili, anamenya chungwa, hageuki. Sasa amenyoosha mkono kunipa kipande. Nimekipokea. Ujumbe bado haujaenda.