Dakwa Juu ya Sangara Wangu

Jumamosi, Gurei

Eti sangara wangu hana ladha! Nimemkaanga kwa limau na dhania, nikafungua divai nyeupe. Mama mkwe akaisukuma glasi kama dawa ya minyoo, kisha akatoa kopo la dakwa mkobani. Njugu za kusaga, juu ya samaki wangu!

"Hii samaki ilikuwa kavu, binti yangu. Sasa kula." Akaitisha karkade baridi, ile juisi ya maua mekundu.

Mume wangu, msaliti, akaongeza mara mbili.

Alipotoka kumsindikiza mama yake, nilionja makombo nikitafuta kosa. Nikalamba sahani. Na ule uchachu wa karkade... kumbe!

Divai nimeimaliza peke yangu, kwa hasira. Kesho kanisani lazima nikae karibu na mama mkwe, nimuulize dakwa anasagisha wapi, bila kupumua, asije akanusa divai.