Udongo wa Kinyangiri kwenye Minyororo ya Kifaru

Winnipeg, Kanada

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Naiandika barua hii huku nimeinamisha kichwa kana kwamba umeketi hapo mbele na ungo wako wa mtama, na najua umeshaitikia kabla Tumaini hajamaliza kukusomea mstari. Habari za magoti? Habari za kifua, upepo wa asubuhi unapoanza? Na mvua je, mmeipata, au imewapita juu kwa juu ikaenda kwa watani wetu Wasukuma kama ilivyozoea? Sisi huku wazima. Mkwe wako Neema anapona mafua, na mimi baridi nimeizoea kama mtu anavyozoea jirani mgomvi.

Tumaini, mdogo wangu kwa baba mdogo, soma polepole, na ukifika mahali pagumu usiruke. Mama akinyamaza, msubiri.

Mama, simu ninayo. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu mimi ni mtu wa kukwepa. Baba mdogo Kiula akinigusia lile jambo, mimi naanza kuulaumu mtandao. Basi leo tulitaje lenyewe. Ukoo unataka kumchimbia baba kaburi na kuzika lile koti lake la mvua aliloacha nyumbani, kwa kuwa mwili wake haukurudi kutoka vitani. Walifanya hivyo hivyo kwa babu aliyepotelea machimboni, na tangu hapo shangazi wanapata mahali pa kuweka maua. Kinachosubiriwa ni neno langu, maana mimi ndiye mtoto wake pekee. Na mara ya mwisho ulimnyang'anya baba mdogo simu, ukaniambia, "Msengi, mimi nimechoka kuwa mke wa mtu asiyejulikana alipo. Nataka nijue nikifa nitalazwa ubavuni kwa nani."

Nilikujibu kwamba naingia kazini. Nilikuwa nimetoka kazini, mama.

Sasa nakujibu, ila nitazunguka kwanza, univumilie. Nazungukia kwenye kifaru.

Unajua ninafanya kazi kwenye kiwanda cha kusafisha mbegu za alizeti. Cheka basi, maana hata mimi nacheka: nimepanda ndege kuikimbia alizeti, nikaikuta inanisubiri huku na theluji juu. Mwezi wa nane nchi hii tambarare inageuka njano mpaka macho yanachoka, na mimi nikiwa ndani ya basi la wafanyakazi nafumba macho kidogo, nayafumbua, na kwa muda mfupi sijui kama niko huku au niko njia ya kwenda Ulemo. Muda ule naupenda sana. Nadhani nimeishi miaka yangu ya huku kwa kuungoja.

Katika jengo letu anakaa mzee mmoja anaitwa Petro, fundi wa garimoshi aliyestaafu, mjane, mwenye ubishi kama wa baba mdogo. Siku moja lifti iliharibika nikambebea maboksi yake hadi juu. Yalikuwa mepesi mno. Nikamuuliza kuna nini ndani, akafungua moja akanionyesha: vipande vya plastiki vimeshikana kwenye fremu, vingine vidogo kama punje ya ulezi, na kwenye kifuniko picha ya kifaru cha vita. Yeye na wenzake hukutana Jumamosi mchana kwenye chumba nyuma ya kanisa, wanaunganisha vitu hivyo. Watu wazima, mama, wenye wajukuu.

Ningecheka, lakini nilikuwa nakiangalia kifaru. Kilikuwa cha chini, kichwa chake cha mviringo kama nusu ya kibuyu, mzinga mrefu mbele. Nilikijua. Nilikijua kutoka kwako.

Mara ngapi umenisimulia? Baba alipokuja likizo, mimi nikiwa tumboni, alikichora uani kwa ncha ya fimbo ili ujue anafanyia kazi wapi. Nyumba fupi, paa bapa, mlango uko juu ya paa. Akakuonyesha mahali pake yeye dereva, mbele upande wa kushoto, tundu la mtu mmoja. Wewe ukamuuliza, "Sasa moshi wa kupikia unatokea wapi?" Akacheka mpaka akakaa chini. Kwa hiyo mimi nilikua nikiamini kwamba baba alikwenda vitani ndani ya tembe kama nyumba yetu. Nilipokuwa nalala nilikuwa naiona, tembe yenye mzinga, inatambaa taratibu kuelekea magharibi, na moshi wa jikoni unaifuata.

Mzee Petro aliponiona nimeganda akasema, "Kichukue. Mimi vifaru vimenichosha, natengeneza magarimoshi."

Basi nikaanza. Kila kipande unakikata kwenye fremu, unakisugua makovu kwa tupa ya kucha, unapaka gundi kwa ncha ya brashi, unashika, unangoja. Hakuna kazi nyingine ninayoijua yenye kungoja kwingi hivi, labda kuatamia. Minyororo ya kifaru inakuja kipingili kipingili, na unavifungamanisha kimoja kimoja kama mtu anayesuka mkeka wa mdudu. Nje theluji inaanguka bila sauti, ndani wazee wanapuliza vumbi la plastiki na kunywa chai isiyo na sukari, na mimi nilikuwa napotea kabisa. Neema ananiambia nikirudi nyumbani siku hizo nazungumza taratibu, kama mtu aliyeamshwa.

Hawa watu hawaridhiki na kilichotoka kwenye boksi. Lazima kiboreshwe. Mzinga wa plastiki unatupwa, unawekwa wa bomba la shaba. Waya wa redio unabadilishwa, unawekwa uzi wa gitaa. Na mimi nikaona ukuta wa kifaru changu ni laini mno, unateleza kama sahani. Nyumba gani hiyo isiyokandikwa? Nikachukua uji mzito wa kuzibia nyufa, nikakikandika chote, juu mpaka chini, kwa vidole, kwa zile nusu duara zako unazoacha ukutani ukisiriba kwa udongo na samadi. Nikakileta Jumamosi nimejaa fahari. Chumba kizima kikaangua kicheko. Mzee Petro alifuta machozi akasema, "Msengi, hiki ni chuma! Nani amepaka chuma matope kwa mkono?"

Nikawaambia mama yangu. Wakacheka tena, na mimi nikacheka, maana palikuwa na la kuchekesha. Lakini Petro alikigeuza geuza, akavaa miwani yake ya pili, akasema ubavuni nikwangue kote, ila kichwani niache kama kilivyo. Kichwa cha kifaru kile hutengenezwa kwa kumimina chuma cha moto kwenye kalibu, kikipoa ngozi yake inabaki na mabaka mabaka hivyo hivyo. Kwa hiyo, mama, alama za mkono wako ziko juu ya kichwa cha kifaru, na wazee wa Kanada wamezipitisha.

Ndani ya boksi kulikuwa na kijitu, dereva, nusu mtu tu kuanzia kiunoni. Kwenye picha walimpaka rangi ya watu wa kwao. Nikachanganya rangi nikawa naijaribia juu ya kiganja changu, upande wa nyuma, mpaka nikashindwa kuiona rangi ilipo. Hiyo ndiyo niliyompaka. Nikamtengenezea kiti, nikampa na fimbo za kuendeshea za waya. Petro akaniambia nikishamweka pale hakuna atakayeviona tena. Nikamwambia dereva mwenyewe ataviona.

Mwisho wa yote ni vumbi. Unakwangua chaki za rangi kwa wembe, unachanganya, unapuliza kwa brashi kavu, ili kifaru kionekane kimetembea. Nilikaa na chaki zile mchana mzima. Nyekundu kidogo, kijivu kidogo, na ule weupe wa kiangazi unaobaki kwenye ndara ukitoka kisimani. Nilipoipata rangi yenyewe nilijua, mate yakanijaa mdomoni kama nimeisikia harufu. Nikaijaza kwenye minyororo yote, nikapaka magurudumu, nikampaka na dereva mabegani.

Mzee Petro akainama, akatazama kwa muda mrefu. "Kazi nzuri," akasema. "Huu udongo ni wa wapi?"

"Wa kwetu," nikasema. "Kinyangiri."

"Vita vilifika kwenu?"

"Hapana. Vilikuwa mbali, magharibi, kwenye migomba. Kwetu havikufika."

Akasema, "Aa," akarudi kwenye garimoshi lake. Hakuwa na nia yoyote, mama, aliuliza kifundi. Wao wanapenda udongo ufanane na mahali kifaru kilipopigania.

Lakini mimi nilibaki nimeshika brashi. Nikaona nilichokuwa nikikifanya Jumamosi zote zile. Nilikuwa namrudisha baba nyumbani. Nikakiona kifaru kinakuja katikati ya alizeti bila kuvunja hata bua moja, kinashuka taratibu kwenye ule mteremko wa mawe, kuku hawakimbii, ng'ombe wanainua vichwa tu wanaendelea kula. Kinafika uani, kinazimwa. Mfuniko wa mbele kushoto unafunguka, na mtu mwenye mikono kama yangu anatoka, vumbi la nyumbani limemjaa mabegani, anaomba maji. Na wewe unayaleta, kijana kuliko mimi. Nimekuwa nikiiota ndoto hii tangu utotoni, macho yakiwa wazi, darasani, kwenye basi, kiwandani. Kwa ajili yake nilikuwa nakataa koti lisizikwe, maana akifika angelihitaji.

Hakufika, mama. Vumbi lile nimempaka mimi, kwa chaki. Baba alikufa mbali, ndani ya lile tundu la mtu mmoja, kwenye udongo ambao sijui hata rangi yake, na wewe umelijua hilo miaka yote ukawa unaningoja mimi nilijue.

Nililia pale pale mbele ya wazee. Petro akanipa kitambaa kilichokuwa karibu, kumbe ndicho cha kufutia brashi, nikapanda basi na shavu la kijani. Neema aliponifungulia mlango alidhani nimepigana.

Kesho yake Petro alinigongea, ameleta kimiminika cha kuoshea vumbi lile ili nipake la migomba. Nikamshukuru, nikakataa. Libaki. Ni kitu kidogo, na hakimdhuru mtu.

Basi jibu langu ni hili, mama. Zikeni koti. Nimeomba likizo kazini na nimepewa, nakuja mahindi yakishavunwa. Usilifue koti kabla sijalishika. Mwambie baba mdogo achague mahali pasipo na mwamba, penye nafasi ya watu wawili, wewe ukiwa upande wa kuume kama mlivyolala. Kuchimba wachimbe. Ila udongo wa kwanza asitupe mtu, hata mchungaji. Ni wangu.

Nisalimie baba mdogo Kiula na umwambie mtandao siku hizi ni mzuri sana. Nisalimie mama mdogo na kuku wake, mzee wa kanisa jirani yetu ambaye bado ana jembe langu, na shangazi wa Mungaa akija mnadani. Tumaini, asante kwa kusoma. Sasa mpe mama maji, kaa naye.

Nakupenda mama, na ninakuja.

Mwanao,
Msengi, mtoto wa marehemu Shila.