Mkanda wa Mchumba

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie maana hapa nilipo sijielewi. Nina kigari cha kubebea watoto wa shule, ndicho kinachonilisha, juzi fundi akafungua injini akaniambia mkanda wa taimingi umekwisha, ninunue mpya tena halisi, si wa kuiga, nami nikampigia mchumba wangu kwa sababu ana duka la spea, akafurahi mno, akasema, "Mke wangu hanunui mkanda mimi nikiwa hai," akauleta mwenyewe gereji ndani ya boksi lililofungwa utepe mwekundu kama keki, fundi akautoa, akaukunja, akaunusa, akamrudishia mbele ya watu: "Kaka, huu wa kuiga. Mimi sifungi."

Mchumba alifura, akasema spea zote zinatoka kiwandani mlemle, tofauti ni nembo tu, na kama namwamini fundi kuliko yeye basi ndoa tuisahau, na mama naye ananiambia, "Mwanangu, mwanamume anakuletea spea mpaka mkononi, unamkataaje?" Kweli gari lake mwenyewe aliliwekea mkanda halisi kutoka kwa wakala, lakini alisema lile ni la safari za mbali. Sasa mshauri, nimwambie fundi maneno gani matamu akubali kuufunga, Jumatatu nirudi barabarani na mwenzangu asinune?

Mwenye Kigari

Dada Mwenye Kigari,

Nimeisoma barua yako mara mbili nikiwatafuta watoto. Nimewakuta mwanzoni, wametajwa mara moja kama mizigo, kisha ni mchumba, mchumba, mchumba. Pole, najua moyo ukipenda unapofuka. Ila usitake na mimi nifumbe macho.

Maneno matamu ya kumlainisha fundi sina. Bwana wako anasema zote zinatoka mlemle? Basi aufunge kwenye gari lake. Hathubutu! Eti lake ni la safari za mbali. Kwa hiyo wanaokwenda karibu roho zao ni za bei nafuu? Na wewe umeyameza hayo bila hata maji.

Sisemi kila spea ya kuiga ni sumu. Zulia la miguuni, kioo cha pembeni, kifuniko cha rimu, nunua za bei poa, hakuna atakayekuuliza. Mkanda wa taimingi ndio unaoiendesha injini kwa mpangilio. Ukikatika gari likitembea, injini inazima, usukani unakuwa mzito, breki zinakuwa ngumu, na juu ya hayo vali za injini zinapinda. Mteremkoni hapo utampigia nani, muuza utepe?

Sasa fanya hivi. Mrudishie zawadi yake, mshukuru, usibishane. Nenda na fundi kwa wakala, mkanda ununuliwe mbele ya macho yako. Ukikwama kwa pesa, gari lilale, wazazi wa watoto uwaambie ukweli kwamba ni bovu. Mchumba akinuna, anune mpaka achoke. Akikuacha kwa ajili ya mkanda, mshukuru mara ya pili. Mama yako akiendelea kumtetea, mwambie aje akae kiti cha mbele.

Maana Jumatatu mwanamke mwingine atakukabidhi mwanawe mlangoni, amemfunga vizuri kamba za viatu. Hajui kama umechumbiwa, wala haimhusu. Anachotaka ni mtoto arudi.